Kidonge cha Mfereji

Fundi cherehani aliacha kutafuna. Akatulia kidogo, akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kijiwe na kukiweka ukingoni mwa sahani ya bati, taratibu, kama anavyoweka kifungo asichotaka kipotee.

"Mama, leo umetupikia na kokoto?"

Wenzake wakacheka. Mama mkubwa naye akacheka. "Hiyo ndiyo nyama yenyewe," akamwambia. "Tafuna, utaizoea." Akamwongezea upawa mzima ili yaishe. Lakini mimi nilikuwa nyuma yake naosha sahani, nikaona mkono wake ulivyourudisha upawa kwenye sufuria ukakosa, ukagonga ukingo, ukapapasa, ndipo ukaingia. Sufuria ile alikuwa nayo tangu sijazaliwa. Hakuwahi kuikosa.

Mama mkubwa ni dada yake mama yangu, mtoto wa kwanza kwao. Alizaliwa Kilimanjaro kwenye migomba, akaolewa, akahamia Arusha na mumewe, mume akafariki, yeye akabaki mjini na biashara yake ya makande. Tulikaa Kijenge kwenye vyumba viwili vya kupanga, na kila siku tulibeba sufuria hadi uchochoro ulio nyuma ya soko, mahali mafundi cherehani walipopanga mashine zao. Mimi nililetwa kwake nilipomaliza darasa la saba na jina langu halikuonekana kwa waliochaguliwa kwenda sekondari. Nyumbani walilia kidogo. Mimi sikulia sana, maana nilikuwa nimeshasikia kwamba Arusha kuna saluni zenye vioo vya kuanzia sakafuni hadi darini.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kila ukizunguka kona mjini ulikuta kitu ambacho jana hakikuwepo: robota la mitumba linafunguliwa, duka la dawa la mtu binafsi ambalo rangi yake haijakauka, sabuni za kunukia, mafuta ya nywele yenye picha ya mwanamke anayecheka. Kopo tupu la mafuta hayo nililiokota nikaliweka dirishani kama ua. Saluni yangu nilikuwa nimeshaipangia kila kitu, hata rangi ya mapazia. Kilichokuwa kimebaki ni saluni. Kwa kuanzia nilikuwa na kichwa kimoja cha kujifunzia, cha mama mkubwa. Kila Jumamosi jioni alikaa kwenye kigoda katikati ya magoti yangu, akasema, "Haya, fanya unachotaka, mradi kesho kanisani nionekane mtu," nami nikamsuka kila mtindo ulionijia. Hakuweza kuona nilichokuwa nafanya. Aliniamini tu.

Hakuweza kuona kwa sababu macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Ulianza jicho la kulia, ukahamia na la kushoto, mpaka kiini cha jicho kikawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Na yeye sifa yake kubwa mjini ilikuwa kuchambua. Alikuwa anaweza kushika ungo, akasalimiana na watu, akauliza habari za wagonjwa wao, na huku vidole vinarusha nje kila kijiwe, kila haragwe lililotobolewa na mdudu. Watu walisema kwa mama huyu unakula umefumba macho. Sasa ungo nilikuwa nao mimi. Mikono yangu ilichambua, lakini mimi mwenyewe nilikuwa saluni napanga mapazia, na ndiyo maana fundi alitafuna kokoto.

Kanisani wakatangaza kwamba madaktari wa macho wanakuja kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Usa, chini ya Makumira. Wangekaa siku chache, wangeondoka, na wangerudi tena baada ya masika. Mama mkubwa alivaa kitenge chake cha Krismasi tukaenda.

Daktari alimmulika tochi jicho la kulia, akammulika la kushoto. "Mtoto wa jicho," akasema. "Anatoka huyu. Tutaanza na la kulia."

"Nitaona maharage?"

"Utaona hata sisimizi akipita juu ya haragwe."

Mama mkubwa akanitafuta kwa mkono, akanibana kidole. Nilijua ameshafika sokoni. Kisha nesi akaja na kile kitambaa cha kupimia presha, akakizungusha mkononi mwake, akakijaza upepo, akasikiliza. Akakiachia. Akajaza tena. Akamwita daktari.

"Mama, umewahi kuambiwa una presha?"

"Presha ya nini? Mimi siumwi kitu, naumwa macho."

"Ndivyo ilivyo, haipigi hodi," daktari akasema. Akavuta kiti akakaa karibu naye, na hilo lilinitisha kuliko maneno. "Nikikufungua jicho na presha hii, damu inaweza kuvuja ndani, na hata hicho kidogo unachoona kikaondoka. Presha kwanza, macho baadaye. Tukirudi baada ya masika uje. Ikiwa imeshuka, wewe ndiye wa kwanza mezani."

"Na ikiwa haijashuka?"

Daktari hakuwa mtu wa kudanganya. "Hapo sitaweza kukugusa, mama."

Alimwandikia vidonge na kutuelekeza kwa nesi wa zahanati ya karibu na kwetu, ambaye angempima mara kwa mara. Kutoka siku ile nyumbani kwetu kulikuwa na jambo moja tu. Presha ishuke kabla madaktari hawajarudi.

Nesi wa zahanati alikuwa mama wa Kimeru, mpana, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Nilimwamkia, mama mkubwa akasalimiana naye, kisha nesi akakisoma kichupa cha vidonge. Bendrofluazidi. Jina lilitushinda wote wawili kulitamka, na nesi akasema si lazima tulitamke, la lazima ni kujua kinakwenda kufanya nini.

"Mama, kwenu Kilimanjaro mna mifereji?"

"Sisi ndio tuliokuja kuwachimbia ninyi ya kwenu," mama mkubwa akasema.

Nesi akacheka mpaka kiti kikalia. "Haya, tusigombane asubuhi. Maji yakija mengi kuliko mfereji inakuwaje?"

"Kingo zinabomoka."

"Kwa hiyo mnafanyaje?"

"Unafungua mlango wa pembeni, ya ziada yapite."

"Umeshamaliza somo. Mishipa yako ndiyo mifereji, na maji yamejaa mno. Yamejaa kwa sababu chumvi iliyo mwilini inayashika yasitoke. Hiki kidonge kinakwenda kwenye figo, kinaziambia ziachie chumvi ipite kwenye mkojo. Chumvi ikitoka, maji yanaifuata. Mfereji unapungua, kingo zinapumua."

Mama mkubwa akafikiri. "Kwa hiyo nitakojoa."

"Utakojoa sana, hasa mwanzoni. Ndiyo kazi yake. Kwa hiyo meza asubuhi, ukimeza jioni utalala chooni. Ukiamka usiruke kama askari, kaa kwanza kitandani, maana unaweza kusikia kizunguzungu. Chumvi iache. Usipoiacha, kidonge kinatoa huku na wewe unaingiza kule. Na yapo madini mazuri yanayotoka pamoja na chumvi, usiku miguu ikikukaza ujue ni hayo. Kula ndizi."

Mama mkubwa akageuza uso upande niliokuwa nimesimama. "Umesikia, mwanangu? Mchaga anaandikiwa ndizi hospitali."

Aliposimama akauliza, "Na dozi yake inaisha lini?"

"Haiishi," nesi akasema. "Hii si malaria. Kichupa kikiisha unakuja kuchukua kingine. Ukiacha siku unayojisikia vizuri, mlango wa mfereji umeufunga mwenyewe."

Tulianza. Asubuhi, baada ya kuwasha jiko, nilimwekea kidonge kwenye kiganja na kikombe cha maji mkono wa pili. Hakukiona. Alikisikia tu kwenye kiganja, akakitupa mdomoni. Ilikuwa kama nesi alivyosema. Choo cha soko kilikuwa mbali, lazima upite kwa wauza nyama, na asubuhi moja alikuwa anakwenda na kurudi kiasi kwamba fundi cherehani alishindwa kujizuia.

"Mama, una shamba huko nyuma unakwenda kulimwagilia?"

"Nimefungua mfereji," akamjibu bila kusimama. "Kaa mbali usije ukalowa."

Basi kikaitwa kidonge cha mfereji. Mafundi wote walikijua. Mmoja akawa anamshika mkono kumvusha kwenye matope ya wauza nyama, anarudi kwenye mashine yake kama hakufanya kitu.

Na chumvi aliiacha kweli. Kopo la chumvi alilipandisha juu ya kabati mahali ambapo mkono wake haufiki. Alikula ndizi za kuchemsha zisizo na kitu, uso umekunjamana kama anayekula gazeti. Makande ya biashara alipika yeye, lakini chumvi nilitia na kuonja mimi, mwishoni kabisa, na yeye alijipakulia sahani yake kabla sijatia. Hakuwahi kuteleza hata mara moja. Jirani zetu walipopita walimpa pole kama mfiwa.

Tulirudi kwa nesi tukiwa na furaha ya watu waliosoma kabla ya mtihani. Akapima. "Imeshuka," akasema, "lakini kidogo tu. Nilitegemea zaidi. Unameza kila siku?"

"Kila siku."

Nesi alikuwa na subira.

"Isipokuwa Jumapili," mama mkubwa akasema.

"Jumapili kuna nini?"

"Nesi, mimi nakaa benchi la mbele. Mahubiri ni marefu. Nikisimama katikati ya mahubiri kila mtu atajua nakwenda wapi."

"Na figo zako Jumapili zinakwenda ibada au zinabaki kazini?"

Mama mkubwa akainamisha kichwa kama mtoto wa shule, lakini nilimwona anazuia kicheko. Walipatana hivi: Jumapili atameza alfajiri, mafuriko yapite nyumbani, ndipo aende ibada ya pili. Alifanya hivyo, na kwa usalama akahamia mwisho wa benchi lile lile la mbele, upande wa mlango.

Presha ikashuka tena kidogo, ikasimama. Hapo ndipo masika yalipoingia na nyumba yetu ikaanza kunyamaza. Jirani mmoja akaja akasema dawa hizi za siku hizi ni maji matupu, aache, yeye anajua mtu aliyepona kwa kitunguu saumu. Mama mkubwa hakuacha, lakini alianza kukishika kidonge kiganjani muda mrefu kabla ya kukimeza.

"Kukojoa nakojoa," alisema asubuhi moja, si kwangu hasa. "Chumvi nimeacha mpaka machozi yangu hayana ladha. Sasa bado nini?"

Jioni moja nilirudi kutoka kuchota maji nikamkuta amekaa mbele ya vyombo vyote vya jikoni alivyovipanga sakafuni. Alikuwa amefunga kitambaa machoni, kitambaa cha kichwani, akakikaza nyuma. Anashika kikombe, anakiweka chini, anakitafuta tena. Anamimina maji kutoka birika, kidole chake kimoja ndani ya kikombe ili ajue yamefika wapi.

"Unafanya nini, mama mkubwa?"

"Mazoezi. Wakinirudisha tena, lazima nijue sufuria iko wapi."

Nikaweka ndoo chini. Nikataka kusema kitu cha kuchekesha, maana kwetu sisi wawili ndiyo ilikuwa dawa, lakini hakikuja. Nikakaa karibu naye nikawa nasogeza vikombe taratibu pale alipovizoea. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilichambua mboga ya jioni nikiwa na mboga, si na mapazia.

Mvua ilipoanza kupungua tulisikia madaktari wako karibu. Mama mkubwa akasema tutakwenda kwa nesi mara ya mwisho, na kwamba safari hii hatutakwenda mikono mitupu. Mwanamke aliyekuhangaikia namna ile huwezi kumwendea hivi hivi. Akapika makande kwa ajili yake, si yale ya biashara bali ya heshima, akayaweka kwenye hotpoti tuliyoazima kwa jirani wa kitunguu saumu.

Nesi alipima kwanza. Akatikisa kichwa tu, na mimi nikaelewa. Mama mkubwa hakuona kichwa kikitikiswa, akaendelea kufungua mfuniko wa hotpoti.

"Kula kwanza, nesi. Yangali moto."

Nesi akala. Nadhani alikula ili apate muda wa kutafuta maneno. Akachota kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, uso ukalegea. "Mama, haya yanayeyuka. Ya kwangu hata nikiyapika kutwa yanabaki na roho ngumu. Mnafanyaje?"

Mama mkubwa akajinyoosha. Hakuna swali duniani alilopenda kuulizwa kama hilo. "Magadi tu. Lakini si kidogo kidogo kama wanavyofanya wengine. Unachukua bonge la maana, unaliloweka kwenye kikombe, mchanga unatuama, unamimina yale maji yake. Mahindi yenyewe yanafunguka."

Kijiko cha nesi kilisimama hewani. "Na wewe unayokula kila siku ni haya haya?"

"Haya haya, asubuhi na mchana. Ila yangu bila chumvi kabisa. Muulize mwanangu."

"Bila chumvi kabisa," nikasema. "Anajipakulia kabla sijatia."

Nesi akaweka kijiko chini, akashika kichwa chake kwa mikono miwili. Nikafikiri amechukia. Kumbe alikuwa anacheka, lakini kicheko cha huruma, kisicho na sauti.

"Mama yangu," akasema, "magadi na chumvi wamelala tumbo moja. Kile kilichomo kwenye chumvi, kinachoshika maji mwilini, kwenye magadi kimo vile vile. Wewe asubuhi unafungua mlango wa mfereji, mchana unarudisha maji kwa ndoo."

"Lakini hayana ladha ya chumvi."

"Figo hazionji, mama. Zinapokea tu. Na mimi nilipaswa kukuuliza tangu siku ya kwanza, maana hata kwetu Meru tunatia. Nilisema chumvi nikafikiri nimesema yote."

Mama mkubwa alikaa akiwa ameshika mfuniko wa hotpoti magotini. "Kwa hiyo kidonge kilikuwa kinafanya kazi siku zote hizi."

"Kinafanya kazi mpaka nakionea huruma."

Akavuta pumzi ndefu, na kwenye uso wake nikaona kitu kilichokuwa kimeondoka tangu mvua zianze. Nesi naye akaivuta hotpoti karibu, akaendelea kula. "Mimi presha yangu iko chini," akasema. "Sijui baada ya leo."

Tulirudi nyumbani. Mama mkubwa akaniambia nitoe kopo la magadi chini ya meza. Akaliweka mapajani, akayapapasa yale mabonge moja moja, ya kijivu, ya kwenye ziwa la Wamasai, aliyochagua mwenyewe sokoni enzi anaona. Siku za kwanza alipika sufuria mbili, kubwa ya wateja yenye magadi na kisufuria chake kisicho na kitu. Haikudumu. Asubuhi moja alikuwa anampakulia fundi, mkono ukasimama.

"Hapana," akaniambia kwa sauti ya chini. "Siwezi kumpakulia mtu kitu ninachokikimbia."

Tangu hapo tukawa tunaloweka mahindi na maharage tangu jana yake, tunayainjika mapema zaidi, na mkaa unaungua kweli kweli. Makande yaliiva, lakini hayakuwa yale. Fundi alitafuna, akatafuna.

"Mama, kokoto zimeongezeka au haya ni mahindi?"

"Una meno ya nini, ya kupigia picha?"

Wengine walihamia kwa mama wa chapati. Baadhi yao walirudi, wakidai chapati hazikai tumboni. Mama mkubwa hakuwafuata wala hakuwanunia. Alikuwa anangoja jambo lake.

Na presha ikapata muda wa kushuka, maana mvua ya mwisho ilikula kipande cha barabara na madaktari wakachelewa. Watu kanisani walinung'unika. Sisi wawili tulikaa kimya kwenye benchi letu karibu na mlango, tukashukuru kwa siri.

Siku yao ilipofika, nesi wa hospitali alizungusha kitambaa mkononi mwa mama mkubwa. Nikataka kumshika mkono wa pili.

"Niache," akasema. "Wewe utanipandisha."

Upepo ukajaa, ukaachiwa polepole. Nesi akaandika. Akamwonyesha daktari. Daktari akaangalia karatasi, akamwangalia mama mkubwa.

"Mama, umekuwa ukila nini?"

"Ndizi," akasema kwa uchungu wa kweli.

"Endelea nazo. Ingia ndani."

Nilingoja nje kwenye nyasi. Mlima Meru ulikuwa umevua mawingu yote, uko pale juu ya migomba umeoshwa, na mimi, ambaye nikikaa peke yangu, saluni hujileta yenyewe na vioo vyake, siku hiyo sikuona kioo wala pazia. Nilikuwa nahesabu tu waliotoka mlango ule, na kila aliyetoka hakuwa yeye, mpaka akawa yeye, amefungwa bandeji, anaongozwa, anauliza kwa sauti kama kuna mtu amenipa chai.

Asubuhi yake daktari aliitoa bandeji. Mama mkubwa alifumbua jicho nusu, akalifumba, akalifumbua tena. Aliangalia dirisha kwanza. Kisha mkono wa daktari, kila kidole. Kisha akasema, "Njoo," nami nikaenda. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama papai analotaka kununua.

"Umekua," akasema. "Nilikuwa nasikia sauti tu."

Akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, jicho likizunguka chumba kizima halishibi. Likatua kwenye kioo kidogo kilichotundikwa juu ya beseni la kunawia. Akaomba apewe.

Alijiangalia muda mrefu. Jumamosi ile nilikuwa nimemsuka mtindo niliouona kwenye kalenda, na kwa kuwa sikukumbuka nyuma yake unamaliziwaje, nilikuwa nimemalizia kwa akili yangu. Nywele za mbele zilisimama kama pembe mbili, na moja ilikuwa imelala.

"Ndiyo nilikuwa nakwenda hivi kanisani?"

"Nilikuwa najifunza, mama mkubwa."

"Benchi la mbele." Akageuza kichwa aone upande. "Ndiyo maana mke wa mchungaji alikuwa ananishika mkono kwa huruma namna ile. Mimi nikafikiri ni presha."

Daktari alitoka nje kucheka. Nesi hakuwahi kutoka, akacheka pale pale ameshika trei. Na mama mkubwa akacheka akiwa ameshikilia jicho kwa kiganja, kwa sababu wagonjwa walikuwa wameambiwa wasijitikise.

Sasa hivi ninacho kigoda changu mwenyewe na kioo cha kufika kiunoni, barazani kwa mama mmoja wa Njiro mwenye duka, na wateja wangu hujiona kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama mkubwa bado ni kichwa changu cha Jumamosi. Lakini siku hizi anashika kioo yeye.

Kidonge bado anameza. Asubuhi ya kwanza tuliporudi Kijenge na jicho lake jipya, niliwasha jiko, nikamwekea kiganjani kama kawaida, nikampa kikombe. Hakukitupa mdomoni. Alikisogeza karibu na dirisha.

"Kumbe ni keupe," akasema. "Na kadogo hivi."

Akakigeuza kwa kidole, akakiangalia upande wa pili, akakimeza. Kisha akaniambia nimletee ungo. Maharage niliyokuwa nimeyachambua jana yake yalikuwa tayari kwenye beseni, nikamwambia hayo yameshachambuliwa. Akasema anajua. Akayamwaga kwenye ungo, akakaa mlangoni kwenye mwanga, vidole vikaanza, na kila kijiwe alichokitoa alikiweka kwenye mfuniko wa kopo mbele yangu, mpaka aliponyanyuka kwenda chooni.